Nyeusi Yako Ifanane

 Leo kona ni ya wadogo zangu wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, mafundi wa kuchapa: wa fulana, wa stika, wa mabango, na wale wanaofanya vyote vitatu ndani ya fremu moja ya duka.

Mdogo wangu mmoja wa Katoro ameniandikia akiwa amekata tamaa. Alipata oda nzuri kutoka kwa mkandarasi anayetoa huduma mgodini: fulana nyeupe, vizibao vya njano vyenye mikanda ya kung'aa, na bango moja la kuweka langoni. Vyote vilipaswa kubeba mchoro mmoja, ambao mteja aliuchora mwenyewe, kwa rangi nyeusi tupu. Fulana za asubuhi zilitoka na nyeusi iliyokolea. Za alasiri zikatoka za kijivu. Kwenye vizibao wino ulishika nusu nusu, na bango likaja na weusi unaoelekea kahawia. Mteja alizipanga mezani, akazitazama, akazuia salio. Swali lake kwangu: "Dada, ninunue wino gani ambao ni mweusi kuliko yote?"

Usinunue chochote kwanza, mdogo wangu. Mteja hakuja na chombo cha kupimia weusi. Aliweka fulana ya kwanza kando ya fulana ya pili, basi. Jicho la mtu ni hodari sana katika kulinganisha vitu viwili vilivyokaa pamoja, na si hodari hata kidogo katika kukumbuka rangi aliyoiona jana. Angepokea mzigo mzima wenye weusi wa wastani kama wote ungefanana. Aliukataa kwa sababu ulikuwa na nyeusi nne. Kazi yako ni kuchagua nyeusi moja, kuiandika, na kuirudia mpaka kipande cha mwisho cha oda.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu 2018, kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wenye migodi kutanguliza bidhaa na huduma za Watanzania. Mgodi wa Geita unazalisha dhahabu tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001, na Mwadui almasi zinachimbwa tangu 1940. Hawa si wateja wa siku moja. Mkandarasi akiajiri vijana wapya baada ya miezi sita, anarudi kutaka vizibao vilevile vyenye nembo ileile, na vijana wapya watasimama mstari mmoja na wale wa zamani. Anayeweza kurudia nyeusi ya Januari mwezi Julai ndiye atakayeshikilia oda. Asiyeweza, oda yake itapanda basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam.

Sasa tuanze pale tatizo linapozaliwa, nalo mara nyingi huzaliwa kwenye kompyuta kabla mashine haijawashwa.

Kioo cha kompyuta kinakudanganya kuhusu nyeusi. Kinaonyesha kila nyeusi kuwa sawa, wakati ndani ya faili kunaweza kuwa na nyeusi tatu tofauti. Ukichora kwenye CorelDRAW na kubofya nyeusi ya kawaida, unapata wino mweusi asilimia 100 peke yake, bila sayani, bila majenta, bila njano. Ukileta picha iliyotengenezwa kwenye simu, nyeusi yake ni ya mwanga, yaani sifuri, sifuri, sifuri. Ikigeuzwa kuwa rangi za wino kwa mpangilio wa kawaida wa Photoshop, inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Weka nembo yenye nyeusi ya kwanza juu ya picha yenye nyeusi ya pili. Kwenye kioo huoni kitu. Kwenye bango utaona kisanduku cha kijivu kimezunguka nembo, na mteja atakiona kabla yako.

Nyeusi peke yake asilimia 100 inatosha kwa maandishi na mistari myembamba. Ukiitandaza kwenye eneo kubwa, kama mandhari yote ya bango, inaonekana imechoka, kijivu cha mkaa. Hapo mafundi huiongezea rangi nyingine chini yake. Mchanganyiko unaotumika sana ni sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100. Jumla yake ni 240, kiasi ambacho karatasi nzuri na turubai la bango hubeba bila kulowa. Kuna rangi nyingine kwenye programu hizi ambayo inajaza wino zote nne asilimia mia mia, jumla 400. Hiyo ipo kwa ajili ya alama za kulinganishia tu. Ukiitumia kwenye mchoro, wino hautakauka, utashikamana na kulia chozi.

Na usiweke mchanganyiko wa wino nne kwenye herufi ndogo. Mashine ikisogea hata kidogo, herufi zinaota kivuli chekundu upande mmoja na cha bluu upande mwingine, kisha watu wanasema fundi hajui kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa, bofya kila sehemu nyeusi ya mchoro, moja baada ya nyingine, usome namba zake. Maeneo makubwa yote yawe na namba zilezile. Maandishi yote yawe na namba zilezile. CorelDRAW ina sehemu ya kutafuta rangi na kuibadilisha kwa pamoja, itumie. Ni kazi ya dakika chache ambayo mafundi wengi wanairuka kwa sababu mteja amesimama mlangoni anauliza kama bado.

Mchoro wa mteja mwenyewe una shida yake. Mara nyingi ni wa kalamu kwenye daftari, umepigwa picha na simu, ukatumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana picha, na kingo za mistari zinajaa vumbi la kijivu. Ukichapa hivyohivyo, unachapa kijivu. Mwombe akutumie kama dokumenti, au bora zaidi aulete mchoro wenyewe uuskani kwa dpi 600. Kisha uchore upya mistari yake kwa vekta, ujaze nyeusi tupu, ufute kila kijivu. Muulize pia: hapa kwenye kivuli ulitaka nyeusi au ulitaka vidoa? Asipoulizwa sasa ataona kosa baadaye. Na kazi ya kuchora upya ina bei yake, mdogo wangu, iandike kwenye ankara. Saa mbili za macho yako si zawadi.

Tuje kwenye fulana, ambako ndiko fedha nyingi za wadogo zangu zinakopotelea. Fulana za msiba, za harusi, za kikoba, za Mei Mosi, za Mwenge, za Siku ya Wanawake. Kwa oda kubwa ya rangi moja, skrini bado ni mfalme wa bei.

Nyeusi ya fulana inaanzia kwenye karatasi ya kuchomea skrini. Wengi tunatoa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya tresi. Inyanyue karatasi hiyo uielekeze juani au kwenye tochi ya simu. Kama unaona mwanga unapenya katikati ya weusi, tayari umepata sababu ya kijivu chako. Mwanga ule utapenya vilevile wakati wa kuchoma, dawa ya kuchomea iliyopakwa kwenye skrini, chini ya mchoro, itaganda kidogo, na ukiosha skrini utabaki utando mwembamba usiouona kwa haraka. Wino unapita kwa kubahatisha: hapa umejaa, pale kuna matundu. Fundi anasukuma raba ya kuvutia wino kwa nguvu zaidi, anapata kingo zilizovimba na katikati bado kijivu. Suluhisho lake ni rahisi. Toa nakala mbili za mchoro, zilinganishe sawasawa moja juu ya nyingine, zifunge kwa gundi ya karatasi. Uzito wa nakala mbili unazuia mwanga.

Wanaochoma skrini kwa jua nao nina neno nao. Jua la Shinyanga na Geita, nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, lina nguvu kubwa, lakini halina nguvu moja. La saa nne asubuhi si la saa saba mchana, na wingu likipita unakuwa umechoma skrini nyingine kabisa. Chukua skrini moja ya majaribio, funika kwa boksi, uwe unafunua sehemu kidogo kidogo kila baada ya sekunde chache, kisha osha uone ni sehemu gani imetoka safi. Andika muda na saa ya siku kwenye daftari. Oda zako zote uzichome saa hiyohiyo, anga likiwa wazi. Siku ukipata fedha za boksi la taa, nunua boksi kabla ya kununua mashine nyingine yoyote, maana taa haina wingu.

Wavu nao una la kusema. Kwa eneo kubwa la nyeusi tumia wavu wa nyuzi 43 hadi 61 kwa sentimita. Ule wa 77 au 90 ni wa michoro yenye nywele na vidoa. Unapitisha wino kidogo, hivyo eneo kubwa litatoka hafifu. Usichanganye skrini za wavu tofauti ndani ya oda moja kwa sababu tu moja ilikuwa imelowa. Noa au badilisha ukingo wa raba ukianza kuwa wa mviringo, maana ukingo butu unamwaga wino mwingi upande mmoja.

Sasa kuhusu asubuhi na alasiri. Mdogo wangu wa Katoro, umeniambia unatumia wino wa maji. Kati ya Juni na Oktoba hewa yetu ni kavu, na Septemba joto linapanda. Wino wa maji unakauka ndani ya wavu wakati wewe unapanga fulana inayofuata. Matundu yanaziba moja moja, huoni, mpaka fulana ya ishirini inatoka ya kijivu. Kisha, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, ukafanya ambalo mafundi wengi hufanya: ukaongeza maji kwenye ndoo. Wino ukateleza vizuri, lakini weusi wake ukapungua, kwa kuwa chembe nyeusi ni zilezile na maji yameongezeka. Fulana zako za alasiri zilikuwa na wino mwingine.

Kila ukimaliza kuvuta, rudisha wino ufunike mchoro wote, usiache wavu wazi hata dakika moja. Fanya kazi alfajiri mpaka saa nne, halafu tena jioni. Nyunyiza maji sakafuni ili hewa ya chumba isiwe kavu, na zima feni inayoelekea kwenye meza. Kama ni lazima kuzimua wino, zimua ndoo yote siku ya kwanza, kwa mizani ya jikoni, gramu kadhaa za maji kwa kilo ya wino, uandike. Koroga mpaka chini kila unapoanza, chembe nzito hukaa chini. Nunua wino wa oda yote kwa wakati mmoja, kopo zenye namba moja ya toleo, kwa sababu nyeusi ya kiwanda kimoja inaelekea bluu na ya kingine inaelekea kahawia.

Wino wa plastisoli haukauki kwenye skrini, lakini unadai joto: karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo lifike mpaka ndani ya wino wenyewe. Pasi ya nyumbani haifiki huko kwa usawa. Tumia mashine ya kubana kwa joto na karatasi ya kuokea juu yake. Chapa iliyoiva nusu inaonekana nyeusi dukani, ikifuliwa mara mbili inapasuka na kumeguka, na simu ya mteja itakufikia hukohuko uliko.

Kitambaa kibovu nacho kitakuangusha. Pamba nyepesi ya bei ya chini ina vinyweleo vinavyosimama katikati ya wino. Baada ya kufuliwa vinajitokeza vyeupe, na nyeusi inaonekana imepauka ingawa wino haujatoka. Ukichapa mara ya pili juu ya ya kwanza bila kuinua fulana, vinyweleo vinalala. Na tafadhali, fulana zote ziwe za aina moja. Nusu pamba, nusu poliesta, hata wino uleule hautafanana.

Vizibao ni habari nyingine kabisa. Ni poliesta, mara nyingi ya wavu wavu, na wino wa pamba haushiki humo. Tafuta wino wa vitambaa vya sintetiki, au vinili nyeusi ya kubandika kwa joto dogo, ukijaribu kwanza pembeni ya kizibao kimoja. Mkanda unaong'aa usiuchape wala kuubana kwa joto. Mkanda ule ndio unaomwonyesha kijana kwa dereva wa lori usiku, na joto linaweza kuuharibu. Nembo ya kampuni haina thamani inayokaribia ile.

Kwa idadi ndogo, namba za jezi kwa mfano, vinili inakupa nyeusi inayofanana kila mara kwa kuwa weusi umetoka nao kiwandani. Sablimesheni inataka poliesta nyeupe, na nyeusi yake inageuka kahawia joto au muda vikizidi. Anza na joto na muda vilivyoandikwa kwenye karatasi yako ya sablimesheni na usibadilishe katikati ya oda.

Bango sasa. Kabla ya kila kazi toa ile chati ya kupima matundu ya kichwa cha mashine. Tundu moja la wino mweusi likiziba, utaona michirizi myembamba kwenye eneo jeusi lote, na vumbi letu la Katoro na Nyarugusu linajua kuziba matundu. Safisha, pima tena. Chagua ubora wa kupita mara nyingi badala ya kasi. Kazi yenye nyeusi kubwa itoke yote kwenye rola moja, kwa mpangilio mmoja, mfululizo. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena itaacha mstari pale iliposimama, na hakuna mteja ambaye hatauona. Weka betri ya akiba inayotosha angalau kumaliza bango lililo mashineni.

Alama za usalama za mgodini zinastahili sura yao. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 7010, alama ya tahadhari ni pembetatu ya njano yenye ukingo na mchoro mweusi. Alama hiyo inakaa juani mwaka mzima. Wino mweusi unaotokana na chembe za kaboni, yaani masizi laini ya kiwandani, unavumilia jua. Njano na majenta huwahi kupauka. Nyeusi ya wino nne iliyopendeza siku ya kwanza inaweza kubadilika sura kadiri rangi za chini yake zinavyokufa. Kwa alama za mgodi mimi ningekata vinili nyeusi na kuibandika juu ya njano. Inachukua muda zaidi, ila mtu atakayeisoma alama hiyo mwakani anategemea ionekane.

Nimeacha mwisho lile ninalolithamini kuliko yote: kipande cha mfano. Kabla ya kuchapa oda, chapa kimoja kwenye kitambaa halisi, kwa wino halisi, ukiivishe, ukifue. Mwite mteja akione nje kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani, kwa sababu taa hubadilisha rangi. Akikubali, asaini nyuma yake na tarehe. Kata kipande hicho mara mbili: nusu yake, nusu yako. Nusu yako iweke kwenye bahasha, mbali na jua, pamoja na karatasi yenye namba za rangi, wavu, kopo la wino, uzito wa maji, joto na muda. Kila baada ya fulana kumi na mbili, chukua iliyotoka sasa hivi uiweke kando ya kipande hicho. Ukiona tofauti, simama. Kumi na mbili ni hasara unayoweza kuibeba. Mia mbili zitakufunga duka. Na miezi sita ijayo, mteja akirudi, hutahitaji kukumbuka chochote.

Mpango huu unasaidia pia kwenye mazungumzo ya fedha. Mteja akisema haijakolea, mnaleta vipande viwili mnalinganisha. Mzozo unaisha bila mtu kumwinulia mwenzake sauti, na ikiwa kweli umekosea unalijua hapohapo.

Na ile oda iliyokwama, mdogo wangu? Nenda kwa mkandarasi kabla hajakuita. Mpelekee zile fulana zenye nyeusi iliyokolea, azikubali kwanza. Zile za kijivu usimbembeleze azichukue kwa punguzo, kwa sababu vijana watazivaa na kila atakayeziona ataulizia zilichapwa wapi. Mwambie utazirudia kwa fulana mpya na gharama ni yako, mkubaliane siku, na safari hii aanze kwa kusaini kipande cha mfano. Vizibao virudie kwa vinili. Bango lichape upya baada ya kukagua namba za nyeusi zote. Ukishakabidhi, dai salio lako lote.